Aiskrimu ya Magamba na Kipimajoto cha Dar es Salaam

Mwaka 1963, wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombania. Mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, akaona atakosa nafasi, akayaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu alimwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, haimo katika fizikia ya walimwengu, na darasa likapata neno la kumtania.

Ninachokithamini zaidi katika kisa hiki ni alichofanya baada ya kuchekwa. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bikari mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja hakuna iliyoganda yote, lakini ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Hapo ndipo malalamiko ya mwanafunzi yalipogeuka jaribio: vyombo sawa, kimiminika kimoja, tofauti ni joto la mwanzo tu.

Mhadhiri Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea Mkwawa, Mpemba alisimama na kuuliza swali lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulijaribu. Fundi wake wa maabara alipata matokeo yaleyale, akasema wataendelea kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Walirudia kweli, na jibu halikubadilika. Katika vipimo vyao, maji yaliyoanza na nyuzijoto 25 hivi ndiyo yaliyochelewa zaidi kuganda; yaliyoanza karibu na 90 yaliwahi. Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Mwaka huohuo George Kell wa Kanada naye aliandika juu ya jambo hilohilo, na Aristotle alikuwa amelitaja karne nyingi kabla yao.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walionyesha kwamba kukisogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita 1 tu ndani ya chombo kunaweza kufanya maji ya moto yaonekane yamewahi, ijapokuwa sivyo. Hata hivyo, wao walipima muda wa maji kufika nyuzijoto 0, na Mpemba aliuliza kuhusu kuganda, jambo linaloweza kuchelewa sana hata maji yakishafika hapo.

Darasa lolote la kidato cha pili lenye friza linaweza kuingia katika mjadala huu. Vyombo viwe sawa, maji yapimwe, kina cha kipimajoto kiandikwe, na mwanafunzi aamue mapema atakachokiita mwisho: chembe ya kwanza ya barafu, au chombo kizima kikiwa kigumu. Kisha vyombo vibadilishane nafasi na jaribio lirudiwe, kwa kuwa pembe moja ya friza huwa na baridi zaidi kuliko nyingine.