Mto wa Sebeya na Gurudumu la Maji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa uhai wa watu, wa wanyama na wa mimea. Katika neema za maji iko moja ambayo watu huitumia kila usiku wawashapo taa, wala si wengi waijuao tarikhi yake. Nayo ni nguvu ya maji yaangukayo.

Rubona iko kusini ya mji wa Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Wageni huijua kwa bandari yake na kwa maji moto ya Nyamyumba. Walakini mali kubwa ya upande huu ni mto wa Sebeya. Chanzo chake ni milima ya Rutsiro, na tangu huko hata ziwani unashuka zaidi ya mita 1,000. Mto si mpana, bali mteremko wake ni hazina.

Elimu ya kuyatumikisha maji ni ya kale, na Waislamu wana sehemu yao humo. Katika mji wa Hama, nchi ya Shamu, yako magurudumu makubwa ya mbao juu ya mto Asi, na lililo kubwa kuliko yote lina upana wa yapata mita 20. Waarabu huyaita naura, kwa sababu ya mlio wake wa kuguna. Katika mto Dijla, huko Mosul na Baghdad, zilikuwako zamani mashine za kusaga nafaka zilizoelea juu ya mashua, zikizungushwa na mkondo. Naye al-Jazari mwaka 1206 alimaliza kitabu chake cha mitambo, akaeleza kwa picha namna za kupandisha maji. Miaka mingi baadaye, mwaka 1827, Mfaransa Fourneyron aliunda gurudumu la chuma lizungukalo ndani ya maji kwa kasi, ndiyo turbini. Hilo ndilo lililokuja kuunganishwa na jenereta ya umeme.

Elimu hiyo ilifika Sebeya wakati wa Wabelgiji. Kituo cha Gisenyi kilianza kazi mwaka 1957, miaka miwili kabla ya kile cha Ntaruka kilicho baina ya maziwa ya Bulera na Ruhondo. Mwaka 1984 kikafuata kituo cha Gihira, cha megawati 1.8, na mwaka 2011 kikafuata cha Keya, cha megawati 2.2. Basi mto mmoja mdogo umefanyishwa kazi mara tatu kabla ya kupumzika ziwani.

Na mwenye nyumba aliye na kijito pia aweza kujipatia taa. Hesabu yake ni hii: lita 20 za maji kila sekunde, zikianguka mita 5, zina nguvu ya yapata wati 980. Nyingine hupotea njiani katika gurudumu, mikanda na jenereta. Ikibaki nusu tu, yatosha taa za nyumba na redio. Walakini gurudumu la namna hii huzunguka polepole, pengine mara 10 kwa dakika, na jenereta nyingi hutaka mizunguko 1,500. Ndiyo maana hapana budi kuwe na magurudumu ya mikanda au meno ya kuzidisha kasi.

Kazi iliyo ngumu ni kuusimamisha mtambo. Chuma kizito hakibebwi kwa ushujaa. Huteremshwa kilimani juu ya magogo ya kuviringisha, nyuma kikizuiwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye shina la mti imara, wala mtu hasimami mbele yake. Kwanza huchimbwa msingi hata kufikia mwamba au ardhi ngumu, humwagwa zege pamoja na bolti zake, nalo huachwa likomae vema, yapata siku 28. Ndipo mhimili hutundikwa kwa winchi ya mnyororo, ukalazwa juu ya beringi, ukasawazishwa kwa pima-maji. Mhimili ukiinama kidogo tu, beringi zitaliwa kabla ya wakati wake. Mfereji hufunguliwa mwisho, kila kitu kiishapo kukazwa.

Hata hivyo, adui mkubwa wa mtambo ni mchanga kuliko uzito. Kwa hiyo mafundi huweka kichujio cha kuzuia majani, na birika ambamo maji hutulia na tope likazama. Turbini ilayo mchanga hukwanguka kama kisu kinolewacho kila siku.

Na mchanga wa Sebeya watoka juu. Msitu wa Gishwati, ulio katika nyanda za chanzo chake, katika miaka ya 1970 ulikuwa yapata hekta 28,000. Ulikatwa kwa malisho na mashamba, na baada ya 1994 kwa makazi ya waliorejea nchini. Kufikia mwaka 2002 zilibaki yapata hekta 600. Sheria ya mwaka 2015 iliufanya, pamoja na ule wa Mukura, kuwa hifadhi ya taifa, na matuta na miti vimeongezwa milimani. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, Sebeya ikapasua kingo zake, nyumba zikabebwa. Katika nchi nzima walifariki watu zaidi ya 130. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Wanachuoni wa fikihi wameandika milango mirefu juu ya haki za maji: haki ya mwenye kiu, haki ya mwenye shamba, na mipaka ya aliye juu ya mto kwa aliye chini. Sebeya yaonyesha hekima ya milango hiyo. Akataye mti Rutsiro huujaza tope mtambo ulio bondeni, na huenda akaubomoa ukuta wa mtu asiyemjua. Basi msingi wa kwanza wa gurudumu la maji haumwagwi kwa saruji penye mtambo. Hupandwa mlimani, kwa miti na matuta, na huhifadhiwa na jirani wa juu kwa ajili ya jirani wa chini.

Mwenyezi Mungu awajaalie watu wa bonde hili maji yenye manufaa, wala yasiwe yenye maangamizi. Amin.