Ujira wa Usiku Arubaini

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa Chake Chake wakati wa vuli, na usiku wake wa mwanzo nyumbani mimi niliupitisha ukumbini juu ya mkeka, kwa kuwa chumba cha ndani kilikuwa kimeshikwa na wanawake, na mwanamme hana kazi humo. Lakini ukuta wa nyumba yetu ni mwembamba. Nilisikia maji ya moto yakimiminwa, kitanda kikilia, mtoto akianza kilio na kukatizwa, na sauti ya mtu mzima ikivuma chini chini, wimbo usio na maneno. Sauti hiyo haikuwa ya mke wangu, ambaye ndiye kwa ada angekesha na binti yake. Yeye ametangulia mbele ya haki. Wala haikuwa ya mama mkwe wa binti yangu, aliyekuwa Tanga na maradhi yake. Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa makamo wa upande wa Micheweni, tuliyemwomba alale kwetu mpaka mzazi atoke arubaini, na ambaye tulikusudia kumlipa.

Kulipa huko ndiko kulikozua maneno. Dada yangu mkubwa, ambaye magoti hayamruhusu tena kukesha, aliposikia alivua miwani yake na kuiweka chini. "Tangu lini, ndugu yangu, mtu wa Pemba akaajiri mtu wa kumlelea kitoto kichanga usiku? Hayo tunayaona kwa Wazungu. Sisi hupeana." Nilimjibu kwa adabu kwamba ninaowajua wa kupeana wamekufa au wamehama. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika na jibu langu. Ndipo nilipoanza kuliuliza swali lake kwa njia nyingine: katika kisiwa hiki, tangu lini hasa mtu akakesha na mtoto wa mwenzake, na alipewa nini?

Siku zile nilikuwa nikitafsiri, kwa raha zangu tu, kurasa za kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, yule binti wa Sayyid Said bin Sultan aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akaondoka Zanzibar 1866, na kitabu chake kikachapishwa Berlin 1886. Natafsiri kwa kupitia Kiingereza. Kijerumani changu ni cha kamusi, na chuo changu kilikuwa taa ya mafuta na vitabu vya kuazima. Katika kitabu hicho imo habari ya uzazi katika majumba ya kifalme, na ya watumwa waliokabidhiwa mtoto tangu siku zake za mwanzo. Nilikwama kwenye neno moja. Mwanamke yule anayemshika mtoto usiku nimwiteje? Mlezi? Mlezi anaweza kuwa shangazi. Mnyonyeshaji? Hilo ni neno la kliniki. Yaya? Yaya ni neno zuri, lakini limekuja na safari zake: wajuzi wa lugha wanalitoa kwa Wahindi, nao Wahindi walilipata kwa Wareno, ambao mlezi wa kike wa watoto humwita aia. Waingereza nao wakalichukua kutoka Bara Hindi, wakawachukua na mayaya wenyewe, wakawasafirisha melini kuwashikia watoto njiani, na wengine wakaachwa London bila ya nauli ya kurudia. Mtaa wa Hackney palikuwa na nyumba maalumu ya kuwahifadhi wanawake hao, na mwaka 2022 ukutani pake pakabandikwa kibao cha kumbukumbu. Kwa hiyo mwenye kusema "yaya" anataja kazi ya kuajiriwa, apende asipende.

Mwisho niliandika "mama wa kunyonya", nikijua kwamba neno hilo lina sheria nyuma yake.

Tuitazame sheria hiyo, kwani ndiyo iliyokuwa ikihukumu katika visiwa hivi. Mwanamke akimnyonyesha mtoto asiye wake, kabla mtoto hajatimiza miaka 2, na kwa madhehebu yetu ya Kishafii akamnyonyesha mara 5 au zaidi, huwa mama yake. Wanawe huwa ndugu wa mtoto yule, na ndoa baina yao haijuzu milele. Lakini undugu wa maziwa hauleti mirathi. Sasa mchukue mwanamke huyo, mweke katika nyumba ya tajiri wa karafuu wa Pemba wa miaka ya 1880, na mfanye awe mtumwa. Anamnyonyesha mtoto wa bwana wake. Usiku mtoto analala kifuani mwake, si kwa bibi mwenye nyumba. Anakuwa mama yake kwa dini. Kisha bwana anakufa, na mali inagawanywa: minazi, mikarafuu, nyumba, watumwa. Mtoto yule anaweza kumrithi mwanamke aliyemwita mama. Kwa Washafii, anayekuwa huru papo hapo kwa kumilikiwa na mtu ni mzazi wake au mwanawe wa damu. Maziwa hayamkomboi mtu. Waliokuwa wacha Mungu waliwaacha huru wanyonyeshaji wao kwa hiari na kuwatunza hadi uzeeni. Hiari, hata hivyo, si haki.

Na Pemba ndiyo iliyokuwa na mashamba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, kikaiacha ya Pemba imesimama kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa kidogo kikawa ndicho kikubwa kwa karafuu. Mkataba wa Juni 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini. Majahazi yakaendelea kuvusha watu usiku kutoka mrima, kwani karafuu haingoji: ikichelewa kuchumwa huchanua, na ikichanua thamani yake huanguka. Mikono ya wanawake ilihitajika kuchuma, kuchambua na kuanika. Basi mwanamke wa shambani akijifungua, nani alikesha naye? Wenzake wa kibandani, waliokuwa wametoka kuchuma na ambao wangerudi kuchuma kabla jua halijapanda. Hao ndio mabibi wa wengi wetu. Mila hii tunayojivunia, ya "sisi hupeana", sehemu yake kubwa ilizaliwa katika vibanda vile, kwa watu ambao hawakuwa na cha kupeana isipokuwa usingizi wao.

Amri ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtu hakuwa huru kwa kulala na kuamka tu. Ilimbidi aende kudai uhuru wake, na mwenyewe alilipwa fidia. Mwaka huohuo Waingereza wa madhehebu ya Quaker wakaanzisha misheni Banani, karibu na Chake Chake, kwa ajili ya walioachwa huru. Masuria hawakuingizwa katika amri ile. Walihesabiwa kama wake za watu, na mlango wao haukufunguliwa mpaka 1909. Miaka 12 ni mingi kwa mwanamke aliye ndani. Nataja tarehe hizi kwa sababu dada yangu amezaliwa miaka ya 1960, na bibi aliyemlea alikuwa amelelewa na watu wa wakati ule. Si mbali.

Baada ya hapo kazi ya usiku haikubadilika, ila ilibadilika jina. Mkunga alikuja kuzalisha, akabaki siku kadhaa, akapewa fedha kidogo, mchele, sabuni na kanga. Mama mzazi au shangazi alihamia na mkeka wake. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akafukizwa. Mtoto akapakwa mafuta na wanja, na kisu kikawekwa chini ya mto. Mzazi hakuachwa peke yake hata mara moja, na kandili haikuzimwa. Watu husema ilikuwa kwa kuogopa majini. Mimi nadhani ilikuwa pia kwa kuogopa homa na damu, ambazo huja usiku bila ya kubisha hodi, na ambazo mwenye kulala usingizi wa uchovu hazioni. (Wanavyuoni wa Kishafii huihesabu nifasi hadi siku 60, arubaini ndiyo ya kawaida, na kawaida ndiyo iliyotuganda.) Yule shangazi hakuitwa mwajiriwa. Aliondoka na doti ya kanga na kuku wawili, na mwaka wa pili binti wa nyumba ile alikwenda kwake kumrudishia usiku wake. Deni lilikuwepo, ila halikuandikwa.

Deni la namna hiyo hutaka watu wasihame. Na sisi tumehama: tulihama baada ya 1964, tumehama kwa karafuu kuanguka bei, tumehama kwa siasa, kwa masomo, kwa ndoa. Wanawake wengi wamevuka kwenda Oman na nchi za Ghuba kufanya kazi za ndani, na katika kazi za ndani mtoto mchanga ndiye anayekula usiku wote. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 iliwahoji wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, Wazanzibari wakiwemo. Walieleza kunyang'anywa pasi, kunyimwa mishahara, na kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Saa 3 zilizobaki ndizo usiku wao. Mama yule wa Micheweni alikuwa amepita huko. Alinihadithia siku moja ukumbini, akiwa amekaa upande wa pili wa mlango kama adabu inavyotaka: miaka miwili alikesha na mapacha wa watu Maskati, na mtoto wake mwenyewe, aliyemwacha na miezi tisa, alilala na bibi yake huku Pemba. Aliporudi, mtoto alimkimbia. Alilisema hili bila ya kubadilisha sauti, kisha akauliza kama maji yamechemka.

Bei yake hakuitaja. "Mtakachonipa nitapokea, baba." Nilimwambia sitaki kumpa, nataka kumlipa, na kwa kila usiku. Alinyamaza. Dada yangu, aliyekuwa akisikiliza, alisema mtu akilipwa anapoteza thawabu zake.

Usiku ule nilikwenda kwenye msahafu, na kwenye tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mzanzibari mwenzetu, iliyotoka kwa ukamilifu mwaka 1969. Katika Sura ya 2, aya ya 233, imeruhusiwa kumtafutia mtoto mwenye kumnyonyesha, kwa sharti ya kulipa kwa wema kilichokubaliwa. Katika Sura ya 65, aya ya 6, wanaume wanaamrishwa kuwapa wake waliowaacha malipo yao wakiwanyonyeshea watoto. Naye mama mzazi wa mtoto! Na neno la Kiarabu lililotumika hapo ni wingi wa ajr, mzizi uleule tuliochukua sisi ajira na ujira. Neno hilohilo ndilo litumikalo kwa malipo ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake. Halima wa Banu Saad alikwenda Makka pamoja na wenzake kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa malipo, na wenzake walimkwepa yatima kwa sababu yatima hana baba wa kulipa. Hakuna mwanachuoni aliyesema Halima alipoteza thawabu.

Nilimsomea dada yangu asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Kiarabu changu kina matamshi ya mtu aliyejifundisha mwenyewe, jambo ambalo ni kweli.

Siku ya arubaini binti yangu alioga, akavaa, akatoka ukumbini na mtoto. Nyumba ilijaa. Nilitaka kumpa yule mama bahasha, akanikatalia mkononi mwangu. Ilibidi nimpe binti yangu ampe yeye. Nilidhani ataifunga katika pindo la kanga kama wafanyavyo watu wazima. Hakufanya hivyo. Alikaa mkekani, akaifungua mbele ya wote, akahesabu noti moja moja, akazipanga.

"Usiku ni arubaini na mbili," alisema. "Nilikuja kabla ya kuzaliwa, siku mbili. Na zile nilikesha."

Watu walinyamaza. Nilianza kupapasa mfukoni, lakini dada yangu alikwishatangulia: alikuwa ameinama, akilifungua kwa meno fundo la kanga yake.