Jina la Tana lilivyofika angani: mto, mkataba na asteroidi namba 1641

Kuna Tana mbili. Ya kwanza twaijua sote: mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita Garissa, Hola na Garsen, kisha ukamwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Ya pili haina hata tone la maji. Ni jiwe linalolizunguka jua katika ukanda mkuu wa asteroidi, kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Wanafalaki wanaliita 1641 Tana, na jina hilo limetokana na mto wetu.

Mkulima wa mpunga wa Minjila na mfugaji anayenywesha ng'ombe karibu na Garsen hawakuulizwa kitu jina hilo lilipopandishwa mbinguni. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nasema kwa sababu kila jina ni hati. Ukilisoma vizuri, litakueleza nani aliliandika, alilisikia kwa masikio ya nani, na lilipitia mlango gani. Leo, basi, tuisome hati hii.

Tuanze na istilahi, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Kiswahili kina neno 'sayari', tulilolipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kwenda. Ni mzizi ule ule wa 'sira', yaani mwenendo wa maisha ya mtu. Sayari, kwa hiyo, ni nyota iendayo, tofauti na nyota zinazoonekana kukaa mahali pamoja zikilinganishwa na wenzake. Tuna pia 'nyota yenye mkia', na tuna 'kimondo', kile kinachoporomoka kutoka angani kikiwaka. Kimondo cha Mbozi, kule kusini magharibi mwa Tanzania, ni pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Vimondo vingi vinavyofika ardhini ni vipande vilivyomeguka kutoka kwa asteroidi. Lakini asteroidi yenyewe si kimondo, kama vile kokoto ya mtoni si mlima uliomeguka. Neno 'asteroidi' lina asili ya Kigiriki, kwa maana ya 'mfano wa nyota', na lilipendekezwa na William Herschel mwaka 1802. Alitumia neno hilo kwa sababu vitu hivyo, hata vikitazamwa kwa darubini, vilionekana kama nukta tu za mwanga. Wapo wasemao 'sayari ndogo', na si kosa. Mimi napenda 'asteroidi' kwa kuwa imekwisha kuvaa sauti za Kiswahili na haichanganyi mtu.

Ya kwanza, Ceres, iligunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo tarehe 1 Januari 1801. Mwanzoni asteroidi zilipewa majina ya miungu ya Wagiriki na Warumi. Lakini zilipozidi kuonekana kwa mamia, miungu ikaisha! Ndipo wanafalaki walipoanza kutaja wake zao, walimu wao, miji yao, na mwishowe mito na nchi ambazo baadhi yao hawakuwahi kuzikanyaga.

Hapa ndipo anapoingia Cyril Jackson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akapelekwa Afrika Kusini akiwa mtoto, na mwaka 1928 akaanza kazi katika kituo cha falaki cha Union mjini Johannesburg. Mbinu yao haikuwa ngumu kuieleza, ingawa ilidai uvumilivu. Walipiga picha ya sehemu moja ya anga, wakangoja, wakaipiga tena, kisha wakazilinganisha picha hizo. Nyota hubaki pale pale. Nukta iliyosogea ndiyo windo. Kwa njia hiyo Jackson aligundua asteroidi 72.

Tarehe 15 Juni 1933 alipata mbili kwa mpigo, nazo leo zinaitwa 1278 Kenya na 1279 Uganda. Mwaka 1935 akaipata 1356 Nyanza. Mwaka 1937 zikaja 1428 Mombasa na 1429 Pemba. Kabla ya hapo, mwaka 1930, alikuwa ameipata pamoja na mwenzake Harry Wood ile inayoitwa 1595 Tanga. Ukizisoma namba hizo bila kujua habari yake, utadhani ni orodha ya vituo vya basi la pwani na bara.

Tana yenyewe ilionekana tarehe 25 Julai 1935. Kabla ya kuitwa Tana iliitwa 1935 OJ. Msidhani hizo ni herufi za kubahatisha. Hiyo ni sarufi kamili, na mwanaisimu yeyote ataifurahia. Kila mwezi hugawanywa nusu mbili, na kila nusu hupewa herufi yake kuanzia A kwa nusu ya kwanza ya Januari. Herufi I huachwa isije ikadhaniwa ni tarakimu 1. Ukihesabu hivyo, O ni nusu ya pili ya Julai. Herufi inayofuata huonyesha mpangilio wa ugunduzi ndani ya nusu hiyo, na J ni ya tisa. Kwa hiyo '1935 OJ' ni sentensi nzima: kitu cha tisa kuripotiwa katika nusu ya pili ya Julai, mwaka 1935. Ndivyo pia Kenya ilivyokuwa 1933 LA na Uganda 1933 LB, moja nyuma ya nyingine kama Kulwa na Doto.

Jina halisi huja baadaye. Kwanza sharti njia ya kitu hicho kuzunguka jua ithibitishwe, kipewe namba ya kudumu, ndipo mgunduzi apendekeze jina. Namba 1640, iliyotangulia ya Tana, ni ya asteroidi iliyogunduliwa mwaka 1951. Maana yake ni kwamba Tana ilikaa miaka isiyopungua 16 na jina lake la muda kabla ya kupata namba. Wapo watoto waliozaliwa Garsen mwaka 1935 ambao tayari walikuwa wakilima na kuvua samaki huku lile jiwe bado halina namba.

Sasa tugeukie neno lenyewe. 'Tana' ni neno la nani?

Wapokomo, wanaoishi kando ya mto huu tangu zamani, huuita Tsana. Sauti hiyo ya 'ts' mwanzoni haimo katika Kiswahili sanifu, na masikio ya wageni yaliishika kila mmoja kivyake. Mmishenari Ludwig Krapf, ambaye mwaka 1850 alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kipokomo kikiwamo, aliuandika mto huu 'Dana'. Mwaka uliofuata aliufikia kutokea Ukambani, katika safari ambayo nusura apoteze maisha baada ya msafara kuvamiwa. Wengine wakaandika 'Tana', na hiyo ndiyo iliyoshinda.

Huko juu, Wagikuyu huuita Thagana, jina ambalo kwenye ramani limeandikwa Sagana. Je, Thagana na Tsana ni neno moja? Hebu tulinganishe. Mswahili husema 'cheka', Mgiriama 'tseka', Mgikuyu 'theka'. Kwa hiyo 'th' ya Kigikuyu kukutana na 'ts' ya pwani si ajabu, ni kanuni. Na ile silabi ya 'ga' imekwenda wapi? Mgikuyu huliita shamba 'mũgũnda', Mkamba 'mũũnda', Mgiriama 'munda'. Tazama 'g' inavyodhoofika kadiri unavyoteremka kuelekea baharini, mpaka ikatoweka kabisa. Thagana ikiteremka kwa kanuni hizo mbili itafika pwani ikiwa Tsana. Kwa hoja hii, ramani inayoandika Sagana huku juu na Tana kule chini imeligawa neno moja mara mbili, kama mtu aliyemsajili mtoto mmoja kwa majina mawili.

Swali ni hili: kwa nini tahajia ya 'Tana' ndiyo iliyoganda? Jibu liko kwenye karatasi za wakoloni. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana Afrika Mashariki. Eneo walilolijadili lilipakana kusini na mto Ruvuma. Kaskazini mpaka ulianzia kwenye mlango wa mto Tana. Mto ambao kwa watu wa Garsen ulikuwa maji, chakula na njia ya mitumbwi ukawa mstari wa wino mezani Ulaya. Jina likishaandikwa kwenye mkataba, ramani zote hulinakili, na shule hulinakili kutoka kwenye ramani.

Na hapa, msomaji, ndipo penye jambo la kustaajabisha. Katika orodha ya Jackson imo pia asteroidi 1427, na jina lake ni Ruvuma. Mito yote miwili iliyokuwa mipaka ya mapatano yale ya 1886, wa kusini na wa kaskazini, leo inaelea katika ukanda mmoja angani. Sidai kwamba Jackson alikuwa na siasa hiyo moyoni. Mtu wa Johannesburg aliyetafuta majina ya Afrika Mashariki angeyapata kwenye ramani, na ramani ilishachagua majina yapi yaandikwe makubwa na kwa tahajia gani.

Mto wenyewe haukuutii mkataba. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni, kuunganisha Tana na mto Ozi ili mazao yafike baharini kwa urahisi. Polepole Tana ikaufuata mfereji huo, ikaacha njia yake ya zamani, ikaenda kutokea Kipini, mlango uliokuwa wa Ozi. Jina kwenye karatasi likabaki pale pale, mto ukahama. Mwenyeji wa delta haoni ajabu, kwani kwake mto ni kitu kinachohama.

Linganisha jina hilo na jina jingine la angani. Tarehe 12 Desemba 1970 Wamarekani, wakishirikiana na Waitaliano, walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Hapo ni kwenye ghuba ile ile ya Ungwana ambamo Tana humwagika. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikabatizwa Uhuru, kwa Kiswahili chetu. Jina hili halikutoka kwenye ramani ya mkoloni. Lilitokana na mwenyeji na siku yake. Na tarehe 15 Aprili 2023, Kenya iliporusha setilaiti yake kutoka California, iliiita Taifa-1. Kutoka Tana hadi Uhuru hadi Taifa kuna hatua tatu: kutajwa na mwingine, kutajwa kwa heshima ya mwenyeji, kisha kujitaja mwenyewe.

Je, tuombe 1641 Tana ibadilishwe iitwe Tsana? La hasha. Jina lililokwisha kusajiliwa lina historia yake, na kulifuta ni kuichana hati. La maana zaidi ni kulisomesha. Mtoto wa Garsen afundishwe kwamba mto wake una jina angani, kwamba wazee wake wanalitamka Tsana, na kwamba kati ya tamko hilo na tahajia ile imo historia nzima ya nchi.

Liko pia deni jingine, nalo ni zito kuliko hilo. Watu wetu waliisoma anga kabla ya Johannesburg kuwa na darubini. Waswahili wana kundi la nyota liitwalo Kilimia, jina linalotokana na kulima, na methali isemayo kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kalenda ya kilimo katika sentensi moja. Waborana, ndugu wa Waorma kwa lugha, wana wataalamu wanaohesabu miezi kwa mwezi na nyota, kama alivyoeleza Asmarom Legesse katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya Gada. Na mto Galana, jirani wa kusini wa Tana, una jina la Kioromo lenye maana ya maji makubwa. Basi Wapokomo, Waorma na Wamunyoyaya wanaziitaje nyota wanazoziona juu ya mto huu kila usiku? Majina hayo yamo vichwani mwa wazee, na mzee akiondoka huondoka nayo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Mtaala wa umilisi umezipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya chini. Nafasi ipo. Kinachotakiwa ni walimu na wanafunzi wa Garsen, Ngao na Hola kuchukua daftari, kukaa na wazee jioni, na kuandika kila nyota kwa jina lake, kwa Kipokomo, Kiorma na Kimunyoyaya, na maelezo yake kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji darubini wala mfadhili. Isipofanywa na kizazi hiki, kijacho kitaikuta anga ya Garsen imejaa majina yaliyotoka kwenye ramani za watu wengine.