Botox ilianzia kwenye jicho, sio kwenye urembo

Kila staa wa kike akitokea na paji la uso laini kama yai, komenti zinajaa: huyo kachoma Botox. Sawa, ila mwenye hii stori hasa ni mgonjwa ambaye wengi hata jina lake hatulijui.

Ni Vancouver, Canada, miaka ya 80. Daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa anatumia sumu ya botulinum, ile ile ya kwenye chakula kilichoharibika inayoua watu, kutibu kope zinazojifumba zenyewe. Siku moja mgonjwa akamjia juu, mbona leo hujanichoma katikati ya nyusi? Maana akichomwa pale sura inatulia! Jean akapeleka stori nyumbani, na mumewe Alastair alikuwa daktari wa ngozi. Mtu wao wa kwanza kumchoma kwa ajili ya urembo? Dada wa mapokezi. Kazi nyingine jamani!

1992 wakachapisha matokeo, 2002 Marekani ikairuhusu Botox kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Kisha zikaingia Dysport 2009, Xeomin 2011 na Daxxify 2022.

Hapa ndo watu wanapigwa. Yuniti za dawa hizi hazilingani. Mikunjo hiyo hiyo, Botox ni yuniti 20, Dysport 50. Ukiambiwa yuniti ni bei chee, uliza dawa gani na jumla zinaingia ngapi. Botox inakaa miezi 3 hadi 4, Daxxify inaweza kufika 6. Na wakikosea kope ikalala, hakuna sindano ya kuifuta, unasubiri wiki kadhaa ipande yenyewe.