Safari ya Jalada la Mlimba

Katika miaka ya 1930, Mbena wa Bonde la Kilombero mwenye madai alijua pa kuyapeleka: barazani kwa Mtema, Utengule. Mtema Towegale Kiwanga alikuwa mtawala na mwamuzi pamoja. Kesi zilikuwa zimeshaanza kuandikwa na makarani. Lakini aliyeshindwa angeyapeleka wapi maandishi hayo?

Kwa watawala wa kikoloni. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ilizitoa mahakama hizo, likiwemo baraza la Mtema, chini ya Mahakama Kuu na kuzikabidhi kwa maofisa wa utawala. Rufaa ilipanda kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Kwa watu wa bonde hilo, bwana wa boma mwenye kusimamia kodi ndiye aliyesoma pia malalamiko yao.

Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na sheria mpya ya mahakama za mahakimu, iliyoanza kutumika Julai 1964, ikaunganisha mikondo miwili, wa mahakama za wenyeji na wa Mahakama Kuu, kuwa mmoja: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Kanuni zilizotungwa mwaka huo zina kipengele ninachokiheshimu kuliko vyote. Shahidi akimaliza kusema, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo sharti amsomee alichokiandika. Shahidi akisema, "Hapana, mheshimiwa, mpaka wetu ulikuwa mkorosho, si mwembe," hakimu husahihisha, kisha chini ya ushahidi huo huthibitisha kwa maandishi kwamba amemsomea. Hivyo hata asiyejua kusoma alikuwa na sauti juu ya kumbukumbu ya mahakama, tena kwa Kiswahili.

Baada ya hukumu, jalada lilianza safari. Rufaa ya kwanza kutoka Mahakama ya Mwanzo ya Mlimba, mji wa bonde hilo, huenda Mahakama ya Wilaya ya Kilombero, Ifakara, ndani ya siku 30. Kati ya miji hiyo ni zaidi ya kilomita 100, na masika mito ya bonde hujaa na barabara ya udongo haiaminiki. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliwapa watu wa Mlimba njia nyingine, lakini mwenye shauri sasa alilazimika kulinganisha tarehe ya kesi na siku ya treni. Akikosa, shauri linaweza kufutwa au kusikilizwa upande mmoja. Kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa katika Mahakama za Mwanzo, kwa hiyo tarehe ya kutajwa, samansi na mashahidi vyote vilikuwa mzigo wake mwenyewe.

Siku hizo 30 zimewaponza wengi. Mtu huomba nakala ya hukumu, akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi, akasubiri tena. Kumbe kanuni za rufaa zinazoanzia Mahakama ya Mwanzo hazimtaki aambatishe nakala. Mahakama ya juu huliita jalada lenyewe. Anasubiri karatasi isiyodaiwa huku siku zinakatika.

Rufaa ya pili nayo hufunguliwa kwenye Mahakama ya Wilaya, ambayo hupeleka majalada ya ngazi zote mbili Mahakama Kuu. Kwa muda mrefu hiyo ilimaanisha masjala ya Dar es Salaam. Mwaka 2021 vilizinduliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki sita, kimojawapo Morogoro, na Mahakama Kuu ikasogea karibu na bonde. Mwaka huohuo sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote.

Leo mkazi wa Mlimba mwenye simu anaweza kufungua tovuti ya TanzLII na kusoma bure hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani. Anayetaka mwenendo wa shauri lililoamuliwa zamani na Mahakama ya Mwanzo huanzia kwa karani wa mahakama hiyo, akiwa na majina ya wadaawa, namba ya shauri na mwaka wake.