Uzamiaji wa kitalii: uchaguzi wa mahali kwa wasafiri wawili kutoka Chato

Uzamiaji wa kitalii ni kushuka chini ya maji kwa ajili ya burudani, mzamiaji akiwa amebeba mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Duniani shughuli hii inafahamika zaidi katika visiwa vya Karibi, Bahari ya Shamu na kusini-mashariki mwa Asia. Nchini Tanzania imeota mizizi Unguja, Pemba na Mafia. Wilaya ya Chato, mkoani Geita, iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, lakini ziwa hilo si mahali pa kuzamia kwa starehe. Mume na mke, au wachumba, wanaotoka huko kwa safari ya majini wana njia mbili: kubaki ziwani na kwenda Rubondo, ambako utalii ni wa mtumbwi, ndoano na msitu, au kuteremka hadi pwani.

Historia

Wakazi wa pwani walipiga mbizi kwa pumzi moja karne nyingi kabla ya mitungi, wakitafuta pweza, kauri na majongoo bahari. Kifaa cha kupumulia kinachotumika leo kilitokana na kazi ya Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943. Mashirika ya kutoa vyeti vya uzamiaji, likiwemo PADI, yalifuata katika miongo iliyofuata.

Ziwa Victoria na Chato

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na kina chake kikubwa hakizidi sana mita 80. Uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa ukubwa huo mtu angetarajia bustani ya samaki wa rangi, na kwa kweli ilikuwepo: furu wa ziwa hili walikuwa mamia ya spishi. Sangara, aliyepandikizwa kati ya miaka ya 1950 na 1960, aliwala kwa wingi kuanzia miaka ya 1980. Udongo na mbolea kutoka mashamba, pamoja na majitaka ya miji, vilirutubisha mwani hadi maji yakapoteza weupe wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu furu wa eneo la Mwanza ulionyesha kuwa maji yakichafuka, majike hushindwa kutofautisha madume wa spishi yao kwa rangi, na spishi huanza kuchanganyika. Mahali ambapo samaki wenyewe hawaonani vizuri, mgeni mwenye miwani ya kupigia mbizi hana la kutazama.

Sababu nyingine ni za kiafya. Konokono wa ukingoni hubeba vimelea vya kichocho, na mamba na viboko wapo katika ghuba nyingi za Chato na Geita. Uzamiaji unaojulikana ziwani ni wa uokoaji na ukarabati. Wazamiaji walishuka baada ya kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tena baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ambapo fundi mmoja alikutwa hai ndani ya chombo siku mbili baadaye. Kazi hiyo ya kishujaa, inayofanywa kwa kupapasa gizani, haina uhusiano na utalii.

Rubondo

Kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa ziwa, ndicho kivutio kikuu cha majini karibu na Chato na kinastahili kutajwa kwanza na yeyote anayepanga safari ya wawili katika Kanda ya Ziwa. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Hifadhi ina takriban kilomita za mraba 457 za nchi kavu na maji, zikiwemo kisiwa kikuu cha kilomita za mraba 237 na visiwa vidogo kadhaa. Karibu asilimia 80 ya kisiwa ni msitu. Wakazi wa awali, wavuvi na wakulima, walihamishwa ili kupisha hifadhi.

Rubondo inatofautiana na hifadhi nyingine za nchi kwa kuwa wanyama wake wengi wakubwa waliletwa. Mwanahifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek na Shirika la Zuolojia la Frankfurt waliachia sokwe 16 kati ya mwaka 1966 na 1969. Sokwe hao walizaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa, wakaishi Ulaya katika bustani za wanyama na kwingineko. Hawakuwa na mzee wa kuwafundisha chakula cha msitu mpya, lakini walijifunza wenyewe, wakazaa, na kizazi chao leo ni makumi ya sokwe wanaojenga viota na kuwakimbia watu kama sokwe wa porini. Ni mojawapo ya majaribio machache ya aina hiyo yaliyofaulu, na lingepaswa kujulikana zaidi hata kwa wakazi wa Chato wenyewe. Twiga, tembo na mbega weusi kwa weupe nao waliletwa. Vifaru weusi waliletwa pia, na ujangili ukawamaliza. Wenyeji wa asili ni nzohe, pongo, viboko, mamba na fisi maji. Simba na chui hawapo, na ndiyo maana wageni hutembea kwa miguu wakiongozwa na askari wa hifadhi. Ndege wanazidi spishi 200. Furukombe ni wengi kiasi cha kusikika kuanzia alfajiri.

Maji yanayozunguka kisiwa ni mazalia ya samaki yanayolindwa, na sangara wakubwa huvuliwa kwa ndoano kwa kibali cha hifadhi. Kuogelea hakuruhusiwi kwa sababu ya mamba. Mbung'o wapo, kwa hiyo nguo za bluu na nyeusi zinazowavuta ziachwe nyumbani. Kutoka Chato msafiri hupitia bandari ndogo ya Kasenda, jirani na Muganza, na kuvuka kwa boti kwa muda usiofika saa moja; njia ya Nkome, upande wa Geita, ni ndefu zaidi. Malazi yapo ya mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ya kambi ya kifahari.

Kwa wawili ambao mmoja anapenda maji na mwingine anayaogopa, Rubondo ni chaguo bora kuliko kisiwa chochote cha bahari.

Maeneo ya pwani

Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, ikiwa ya kwanza nchini, na ina kilomita za mraba 822. Kiini cha uzamiaji ni Ghuba ya Chole, iliyozingirwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Ndani ya ghuba maji ni matulivu na matumbawe hayako mbali na uso, hivyo mwanafunzi hufundishwa bila hofu. Mlango wa Kinasi, unaotoka kwenda bahari kuu, una chewa, mikunga na taa, na huzamiwa kwa kufuata saa za maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wake ni mkali. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ndiyo yanayomfaa mgeni. Safari ikipangwa kwa kalenda ya mwezi mwandamo, siku zinazozunguka nusu mwezi ndizo za kuchagua.

Upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, papa potwe huja karibu na ufuo kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi kufuata vijidudu vya majini. Wengi ni madume wachanga. Utafiti wa kuwafuatilia kwa vifaa vya sauti ulionyesha kuwa hawahami kabisa miezi mingine, bali husogea mbali na kwenye kina zaidi. Wageni huogelea nao kwa miwani na mrija tu, bila mtungi, jambo linalompa asiye na cheti nafasi sawa na mwenziwe aliyehitimu. Hapa ndipo Mafia inapowazidi wapinzani wake kwa wasafiri wawili. Matumbawe ya hifadhi yaliungua vibaya katika joto la mwaka 1998, na uvuvi wa baruti ulileta madhara yake; baadhi ya miamba imepona, mingine bado. Msafiri hufika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au kwa chombo kutoka Nyamisati.

Pemba. Mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita unaitenga Pemba na bara. Miamba yake hushuka wima kama ukuta, na maji yake ni maangavu kuliko yote nchini. Misali, kisiwa kitakatifu kwa wavuvi wa Pemba, kililindwa rasmi mwaka 1998, na eneo pana la mkondo likaongezwa mwaka 2005. Mikondo katika milango ya Njao na Fundo humfaa mwenye uzoefu. Wawili ambao mmoja amemaliza kozi jana wasianzie Pemba.

Unguja. Kisiwa cha Mnemba, karibu na Matemwe, kimezungukwa na miamba iliyohifadhiwa tangu mwaka 2002. Kasa na pomboo huonekana, na kina kinamfaa kila mtu, lakini msongamano wa boti asubuhi unapunguza utulivu ambao wachumba wengi huufuata. Karibu na Mji Mkongwe ipo meli ya kutandaza nyaya ya Great Northern, iliyozama mwaka 1902 na kulala kwenye mita 12 hivi, pamoja na mabaki ya manowari ya Uingereza HMS Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Chumbe, iliyolindwa tangu mwaka 1994, hupokea waogeleaji wa miwani na mrija.

Maeneo mengine. Tanga ina hifadhi ya samaki aina ya silikanti tangu mwaka 2009. Ghuba ya Mnazi, Mtwara, ilihifadhiwa mwaka 2000. Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, lina maji maangavu na samaki wa rangi.

Misimu

Maji ya pwani huwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Oktoba na Novemba, upepo wa kusi ukiisha na wa kaskazi haujashika, bahari hutulia na mtu huona mbali. Kaskazi ya Desemba hadi Machi inafaa pia. Masika huchafua maji, na Juni hadi Agosti kusi huyapiga maeneo yaliyo wazi upande wa mashariki.

Usalama na suala la mwinuko

Kila mita 10 za kina huongeza mkandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Chini ya mkandamizo huo naitrojeni huyeyuka mwilini, na mzamiaji akipanda haraka hutoka kama mapovu yanayoumiza viungo, uti wa mgongo au ubongo. Kwa hiyo wazamiaji hupanda polepole na husubiri kabla ya kwenda penye hewa nyepesi. Kanuni inayofuatwa ni kusubiri saa 12 au zaidi baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 au zaidi baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa.

Kwa mkazi wa Chato kanuni hii ina uzito wa pekee, kwa sababu nyumbani kwake kuna mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, ambako mkandamizo wa hewa ni takriban asilimia 88 ya ule wa pwani. Vitabu vya mwongozo husisitiza ndege. Msafiri wa Kanda ya Ziwa anapaswa kukumbuka pia basi linalopanda kupitia Singida na treni ya SGR, inayotoka Dar es Salaam na kufika Dodoma, mita 1,100 na zaidi, kwa saa chache tu. Aliyezamia asubuhi hana budi kulala pwani usiku huo.

Kozi ya mwanzo huchukua siku 3 hadi 4 na kumruhusu mhitimu kushuka mita 18. Kozi inayofuata hufika mita 30, na mwisho wa uzamiaji wa burudani ni mita 40. Watu huzamia wawili wawili, kila mmoja akiwa mlinzi wa mwenziwe, na kina cha wawili huamuliwa na mwenye cheti cha chini. Mjamzito haruhusiwi. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au matatizo ya masikio aanze kwa daktari. Dawa ya malaria ya mefloquine haipendekezwi kwa wazamiaji, kwa kuwa kizunguzungu inachoweza kuleta hufanana na dalili za ajali ya majini.

Ulinganisho na Karibi

Karibi ina sifa yake kwa haki. Bonaire ililinda bahari yake mwaka 1979 na huzamiwa kutoka ufukweni bila boti. Shimo Kubwa la Buluu la Belize lina kina cha mita 124 hivi. Kujaa na kupwa huko hakufiki nusu mita mahali pengi, wakati pwani ya Tanzania bamvua hukaribia mita 4, hivyo mwanafunzi wa Karibi husumbuliwa kidogo na mikondo. Vimbunga huja Juni hadi Novemba. Kwa wingi wa uhai, magharibi mwa Bahari ya Hindi inaongoza kwa mbali: zaidi ya spishi 300 za matumbawe magumu dhidi ya takriban 65 za Karibi, ambazo zinaandamwa na ugonjwa unaoyeyusha tishu. Mtanzania mwenye fedha za tiketi ya Karibi atapata zaidi kwa kukaa wiki mbili Mafia na Pemba.

Hali ya sasa

Uzamiaji unabaki shughuli ya wageni kutoka nje; Watanzania wanaouona ni hasa wakufunzi na mabaharia wa boti. Chato ina uwanja wa ndege uliojengwa wakati wa urais wa John Magufuli, mzaliwa wa wilaya hiyo, na tangu mwaka 2019 ina pia Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Hata hivyo wengi huanzia Mwanza. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na msafiri wa Chato hufika Mwanza sasa bila kupanga foleni ya kivuko.