Bei na Manufaa ya Meli ya Kivita Glasgow, Zanzibar, 1878–1896

Insha hii inatathmini ununuzi wa meli ya kivita Glasgow kwa swali moja: je, chombo hicho kilistahili gharama yake?

Chanzo chake ni tufani ya Aprili 1872, iliyoangamiza merikebu za Sayyid Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ikaipita Unguja kwa mavuno. Hivyo, ushuru wa karafuu ulizidi kutegemea mashamba ya Pemba, pamoja na jasho la watumwa waliochuma huko.

Glasgow iliundwa na kampuni ya William Denny mjini Dumbarton, Uskoti, ikakamilika mwaka 1878 kwa takriban pauni 32,735. Ilifuata mfano wa manowari ya Uingereza yenye jina hilohilo. Hata hivyo, bei ya ununuzi ilikuwa mwanzo tu wa matumizi. Chombo cha mvuke kilihitaji makaa, mafundi na mabaharia, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake Glasgow ilitia nanga mbele ya mji. Kinyume chake, meli za biashara za Barghash zilisafiri hadi Bombay, zikibeba shehena na abiria.

Udhaifu wake unadhihirika zaidi tukiitazama kutoka Kisiwa Panza. Kisiwa hicho, kusini mwa Pemba, kimezungukwa na mikoko na maji ya kina kifupi. Vyombo vinavyofaa huko ni mitumbwi, ngalawa na mashua. Meli ya tani zaidi ya 1,400 haikufaa kuwahudumia watu wa mazingira hayo, ingawa Pemba ilichangia hazina iliyoigharamia dola.

Inaweza kudaiwa kwamba thamani ya Glasgow ilikuwa heshima. Hoja hiyo ina uzito, lakini heshima hiyo haikustahimili jaribio. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika saa moja, mizinga yake midogo ilikabili manowari za Uingereza, nayo ikazama bandarini, milingoti ikibaki juu ya maji.

Kwa hiyo, teknolojia ya melini haina budi kupimwa kwa matunzo, mazingira na jaribio la vita. Kigezo hicho kinahusu hata mitandao ya leo ambamo skrini nyingi za manowari hutegemea kompyuta kuu moja: unafuu wa vifaa hautoshi, iwapo pigo moja laweza kuzima vyote.